Ukuta wa Pinki wa Madam

Nimeuza rangi mjini Machakos miaka mingi, na wateja wangu wengi hawana maneno. Mtu anaingia, anaangalia kifuniko cha kopo, anauliza kama ikichafuka inaoshwa na maji, analipa, anaenda zake. Madam hakuwa wa hivyo. Madam alinikalisha kwenye stuli mbele ya duka langu mwenyewe, jua likinipiga usoni, akashika nyuma ya sikio langu kipande cha kadibodi alichokipaka pinki, kisha akarudi nyuma na kunitazama kama daktari. Akatikisa kichwa.

"Hii inakufanya maiti," akasema, na waliokuwa wakipita wakasikia.

Alikuwa anatafuta rangi ya chumba chake cha kulia. Mjini wakasema Madam amezeeka, ameanza mapambo ya wasichana. Wacha waseme. Mimi ninajua alichokuwa anatafuta, maana mwishowe aliniambia kwa mdomo wake. Alitaka ukuta ambao mwanawe angekaa mbele yake, wageni wamtazame tangu sala ya kwanza mpaka chai ya mwisho, na wasijue kwamba kijana anakufa.

Tulimwita Madam sote, hata waliomzidi umri. Alinifundisha sayansi kimu shule ya msingi: kupika, kushona, kuogesha mtoto, kutandika kitanda mpaka shuka isiwe na kunyanzi. Mimi aliniita Kifungo, kwa sababu mtihani wa kushona nilibandika vifungo vya shati upande usiofaa. Nikaolewa, nikazaa, nikafungua duka la rangi na misumari, bado Kifungo. Wateja wakidhani ni jina langu la ubatizo, nilinyamaza tu, ningefanya nini.

Macho yake ndiyo yaliyotutisha. Asubuhi tukiwa kwenye mstari alipita akishusha kope zetu za chini kwa kidole gumba, aone kama tuna damu. Msichana mmoja wa kutoka mbali Madam alimkuta ana kope nyeupe, hakumwuliza kitu mbele ya watu. Alimwambia tu amfuate kwake mchana akamsaidie kuosha vyombo. Vyombo vyenyewe vilikuwa sahani moja ya maini na sukuma, na msichana akaosha hiyo sahani muhula mzima. Siku nyingine alimwambia mwalimu mkuu, katikati ya mkutano wa wazazi, kwamba aende akapimwe sukari. Mwalimu mkuu alinuna wiki kadhaa. Baadaye alikwenda, na ilikuwa kweli.

"Mdomo unafundishwa kudanganya," alikuwa akituambia. "Ngozi haijaenda shule."

Basi uongo hakuupenda hata kidogo. Niliwahi kumwambia kitambaa changu kimeraruliwa na ng'ombe, akanifanya nisimame mbele ya darasa nieleze ng'ombe huyo alikuwa na meno ya wapi. Lakini huyohuyo Madam alitia nywele zake dawa ya weusi, na ukithubutu kusema zinapendeza anakujibu kwamba kwao hawaoti mvi. Doa la dawa liko shingoni tunaliona sote. Alikataza wasichana poda, halafu yeye mwenyewe kabla ya kwenda kanisani alijipaka kidogo puani na kuapa ni jasho limekauka. Nilipokuwa mdogo mambo hayo yalinichekesha. Nilipokuwa mkubwa nikaona kwamba alikuwa mtu aliyejua kabisa uso unasema nini, na ndiyo sababu wake aliuchunga.

Nyumba yake iko Mumbuni, nyumba ya mawe yenye veranda ndogo. Wengi wetu hapa tunakula sebuleni, sahani magotini, televisheni ikipiga kelele. Kwa Madam hilo lilikuwa kosa la kumtoa mtu machozi. Alikuwa na chumba cha kulia, meza ya mvule, viti vyenye migongo mirefu, na sheria: mezani hakuna redio, hakuna gazeti, hakuna deni wala ugomvi. Marehemu mumewe, mtu mpole sana, alikuwa akitoka nje hadi kwenye ua kusoma gazeti na kurudi kumalizia ugali. Kitu kimoja tu kiliharibu chumba hicho. Kuta zake zilikuwa kijani cha rangi ya mafuta kutoka chini hadi kiunoni, na juu yake krimu, sawasawa na darasa. Marehemu alikuwa ameipata ile rangi bure ilipobaki mahali fulani, na Madam aliivumilia kwa ajili yake, halafu akaivumilia kwa ajili ya kumbukumbu yake.

Ndipo Kyalo aliporudi kutoka Mombasa.

Kyalo ndiye mwanawe wa kiume, wa pekee. Wa pili ni Ndinda, binti. Kyalo aliondoka hapa mabega mapana, akarudi na begi moja na shati linaloning'inia. Miaka hiyo ugonjwa haukutajwa. Watu walisema mdudu, au ugonjwa wa siku hizi, au walinyamaza na kukunja mdomo. Na sote tulikuwa tumejifunza kusoma, hata ambao hawakupitia kwa Madam. Tuliangalia nywele zikigeuka laini kama za mtoto mchanga. Tuliangalia masikio yakisimama, kola ya shati ikiachana na shingo, ngozi ikiingia weusi wa majivu. Ukikutana na mtu sokoni ulikuwa umeshamsoma kabla hujampa mkono. Tulikuwa wakatili, na tuliuita ukatili huo kujali.

Wakati huohuo Ndinda alikuwa amepata mchumba, kijana wa Matuu, wa familia inayofanya biashara ya mahindi. Siku ya ntheo ilikuwa imewekwa. Ntheo ni zile mbuzi ambazo upande wa kijana huleta kwa wazazi wa msichana, na kwetu Wakamba hata ufunge ndoa katika makanisa yote ya Kenya, bila ntheo hujaolewa. Baba alikuwa marehemu, kwa hiyo mtoto wa kiume alipaswa kukaa katika kiti cha baba na kuwapokea wageni. Madam alijaribu kumwambia shemeji yake, mdogo wa marehemu, kwamba Kyalo ameitwa kazini. Shemeji akakataa katakata. Alisema kama kijana wa nyumba hayuko, wageni watauliza yuko wapi, na wakijibiwa vibaya watafunga mbuzi zao warudi nazo.

Haya yote mimi sikuyajua bado. Nilichojua ni kwamba Madam alikuwa dukani kwangu kila asubuhi akitaka pinki. Nilimchanganyia ya kwanza, akairudisha. Ya pili akaiita uji wa mtoto. Ya tatu ilikuwa pinki ya peremende, nzuri sana machoni pangu, akaipaka kwenye kadibodi, akaniweka kwenye stuli kama nilivyosema, akaniita maiti. Siku iliyofuata aliporudi nilikuwa nimechoka. Nilimwambia, kwa adabu lakini uso umekunjamana, kwamba mimi niko na wateja, na kwamba pinki ni pinki.

"Kifungo, funga mlango."

"Madam, ni asubuhi. Watu wanaingia."

"Funga."

Nikafunga. Alisimama kati ya makopo na magunia ya saruji, mkoba ameukumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake haikufika mwisho wa chumba.

"Kyalo ako na ule ugonjwa," akasema. "Watu wa Matuu wakimwona, Ndinda wangu haolewi. Si na hao, si na wengine. Mahali petu pataitwa kwa ule mdudu. Na ule ukuta wa kijani, kijana akikaa mbele yake ni kama tayari wamemlaza. Nataka ukuta uko na damu."

Nilitaka kumwambia pole, nikaona pole atanirudishia kama rangi. Nikachukua kopo jipya la nyeupe ya maji na vichupa vya rangi kali za kuchanganyia, tukaanza kazi. Yeye ndiye aliyegundua kosa letu. Pinki zangu zote zilikuwa na ubluu ndani yake, na ubluu huo ndio ulioamsha majivu kwenye ngozi. Tukaacha nyekundu ya kuwaka, tukatia ile nyekundu ya udongo ambayo watu hupaka sakafu za saruji, kidogo sana, kisha manjano tone kwa tone. Tulikoroga mpaka mkono ukaniuma. Ikatoka pinki ya joto, kama kiganja cha mkono wa mtu mzima wa afya.

Fundi hakumtaka, maana fundi ana mdomo. Tulipaka wenyewe, mimi na yeye, mapazia yamefungwa, leso vichwani. Kwanza tulipiga viraka vitatu ukutani, vya pinki tatu tofauti kidogo, na kila mlo alimhamisha Kyalo kiti, leo hapa, kesho pale, akidai kwamba anaepuka upepo wa mlangoni. Aliamini kijana hajui. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikikwangua kijani cha zamani siku Kyalo aliposhika kijiko, akakigeuza mgongo, akajitazama ndani yake.

"Mama, hii ya katikati ndiyo iko sawa," akasema. "Kwa hii hata mimi ningeniamini."

Madam aliingia jikoni, nikasikia bomba likifunguliwa na maji yakitiririka muda mrefu bila sauti ya chombo chochote. Niliumia, nakuambia kweli. Nikaendelea kukwangua kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi.

Siku ya ntheo nilikuja mapema kusaidia kupakua. Kyalo alikuwa amenyolewa kipara, amevalishwa sweta ndani ya shati na koti juu ya shati, na shati lenyewe lilikuwa la kola ndogo, jipya. Amekaa kiti cha baba. Nyuma yake ukuta, kushoto dirisha, na mwanga wa mchana ulikuwa ukiugonga ukuta na kumrudia shavuni. Nikisema alipendeza nitakuwa nimetia chumvi. Alionekana mtu aliyetoka kuugua malaria, na malaria hata askofu anaugua.

Wageni wakaingia. Wazee, vijana, na shangazi mmoja wa bwana harusi, mwanamke mnene wa macho makali, ambaye aliangalia viti vyote kabla ya kukaa mkabala na Kyalo. Sala, utambulisho, kisha chakula. Shangazi akamwuliza Kyalo kazi ya Mombasa iko vipi. Kyalo akajibu vizuri, joto ni jingi, pesa ni kidogo, na wazee wakacheka. Akaulizwa anarudi lini. Akasema karibuni. Halafu nikaona kifua chake kikianza kupanda, kile kikohozi chake kirefu kinakuja, na nikashindwa kumtazama. Jikoni mfuniko wa sufuria kubwa ukaanguka sakafuni kwa kishindo, na mwingine, na Madam akasikika akimlaumu msichana wa kazi ambaye hakuwepo. Kila mtu aligeukia mlangoni. Waliporudisha macho Kyalo alikuwa anapangusa mdomo kwa kitambaa.

Madam mwenyewe hakukaa mezani. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaoneana nthoni, ile aibu ya heshima: hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mkwe mzuri huinamisha macho na hali sana ukweni. Kwa hiyo Madam alikuwa kwenye mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje, akimtazama mwanawe tu. Bwana harusi alikuwa mwisho wa meza, chini ya ukuta uleule. Mimi ndiye niliyempakulia. Alikuwa kijana mwembamba, mtaratibu. Aligusa wali kidogo, nyama hakuila. Alijifuta jasho mara kwa mara. Macho hakuyainua hata nilipomwongeza mchuzi.

Tulipokuwa tunaosha vyombo Madam aliniuliza nimemwonaje. Nikamwambia ana heshima sana, hata chakula amekionea haya. Akafurahi. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyebeba gunia mlimani, lakini alifurahi. Nje mbuzi zilikuwa zimefungwa kwenye ua, zimepokelewa, na kina mama walikuwa wakipiga vigelegele. Yule shangazi wa Matuu alikuja jikoni, akamshika Madam mikono miwili, machozi yamemjaa, akasema tusikawie na harusi ya kanisani. Tukadhani ni furaha.

Kyalo hakuiona harusi hiyo. Ndinda alikwenda Matuu, akazaa binti, na kabla mtoto hajajua kusema vizuri mumewe alikuwa kitandani, na kitu alichoumwa hakikuhitaji kusomwa na mwalimu. Ndipo tulipomwelewa yule shangazi. Hakuwa amekuja kumkagua Kyalo. Alikaa meza nzima akitukagua sisi, aone kama tunamkagua kijana wao. Wao walikuwa na hofu ileile tuliyokuwa nayo sisi, na ukuta wetu uliwahudumia vijana wote wawili, wetu na wao, na heshima ikafanya iliyobaki. Yule mtu aliyejua sukari ya mwalimu mkuu kwa kumtazama alikaa nyumba moja na mkwe wake mgonjwa mchana kutwa, na hakumwona, kwa sababu adabu ilimkataza kumtazama.

Madam alipoambiwa hakulia mbele yetu. Alichukua nafasi kwenye kochi la sebuleni, akaweka sahani magotini, na kile chumba cha kulia akakifunga.

Miaka ikapita. Ndinda akarudi Mumbuni mjane, amepungua. Dawa zilipoanza kupatikana bila malipo alikwenda hospitalini, akaanza kuzimeza, na taratibu uso ukarudi. Lakini mtoto, mjukuu, hakupelekwa kupimwa. Ndinda akilitaja, Madam anatoka chumbani. Mtoto alikuwa ameanza shule ya chekechea, mrembo, mwenye maswali mengi, na kikohozi cha hapa na pale kama watoto wote.

Asubuhi moja nilikuwa nafungua duka nikamwona Madam anakuja na mtoto mkononi. Alikuwa ameacha ile dawa ya nywele, kichwa cheupe chote. Hakuingia. Alimsimamisha mtoto nje, kwenye jua, akamgeuza uso kwangu.

"Mwangalie," akaniambia. "Mimi sioni tena. Namwangalia kila siku na sioni. Niambie ako sawa."

Mtoto alinichekea, meno mawili hana. Nikamwangalia kope, kucha, nywele, vile alivyotufundisha. Ningeweza kumwambia yuko sawa, na roho yangu yote ilitaka kusema hivyo.

"Madam, sijui," nikasema. "Macho hayawezi kujua hii kitu."

Niliogopa atanikasirikia, na ningemwacha anikasirikie. Kisha akaweka mkoba begani.

"Basi funga duka, Kifungo. Sitaki kwenda peke yangu."

Majibu yalikuwa mazuri, hilo nitangulie kulisema, ili mtu asikae roho juu. Mtoto hakuwa na ule ugonjwa. Lakini mimi nikimkumbuka Madam siyakumbuki majibu, ninamkumbuka akisubiri. Kliniki ya kupimia, pale hospitalini, ilikuwa na mlango wake wa pembeni, na watu walioutumia walipita upesi, wengine wamejifunika. Kulikuwa na benchi ndani, gizani kidogo. Madam hakulitaka. Alikaa kwenye benchi la nje, linalotazama uwanja, mahali ambapo kila anayekuja hospitali humwona, na nusu ya wanaokuja hospitali hiyo aliwahi kuwafundisha. Walisimama kumsalimu, mmoja baada ya mwingine, na kumwuliza, Madam, umeleta nani, mnaumwa nini.

"Nimeleta mjukuu wangu apimwe ukimwi," alikuwa akijibu, kwa ile sauti yake ya darasani. "Mama yake ako nayo. Kyalo alikufa nayo."

Wengine waliaga upesi wakaenda. Nilikuwa naona aibu, nikitamani ardhi inimeze, halafu baadaye sikuona aibu tena. Kisha akaja mwanamke mmoja akipita karibu na ukuta, leso imemfunika mpaka puani, anaelekea ule mlango wa pembeni. Madam akamjua kwa mwendo. Akamwita jina lake lote, vile alivyokuwa akituita tukichelewa. Yule mwanamke akasimama kama aliyeshikwa.

Madam akampakata mtoto na kusogea, nafasi ikapatikana kwenye benchi.

"Kaa hapa na sisi," akamwambia. "Foleni ni ndefu."

Akakaa. Watu wanapita, jua limepanda. Baada ya muda nikaona ameiteremsha leso mpaka mabegani.